Tumwamini Mgonjwa Anaposema Chakula Hakina Ladha

Katika ziara tunazowafanyia wagonjwa wa parokia zetu, kuna neno moja tunalolitamka upesi mno: "Kula, upate nguvu." Tunalitamka kwa mapendo. Shirika limechanga pesa kidogo, mama mmoja ametoa unga, kijana mwingine ameleta samaki, na sufuria imebebwa kichwani toka mbali. Basi mgonjwa anapoonja kidogo na kuweka kijiko chini, nyuso zinabadilika. Wengine hunyamaza kwa huzuni. Wengine, wakisha kutoka mlangoni, husema: "Yule mzee anachagua." Nataka kusema juu ya wagonjwa ambao hukumu hiyo inawaumiza kuliko wengine, yaani wale waliotibiwa kansere ya kinywa, ambao uhai umebaki lakini ladha ya chakula imewatoka. Kwa maoni yangu, kabla ya kuwapelekea chochote tunapaswa kuwaamini wanapotueleza habari za vinywa vyao. Na ili tuwaamini vema, inatubidi tujue kidogo mambo yanayotendeka humo.

Ulimi umejaa vituo vidogo vya ladha, na ndani ya kila kimoja zimo chembe hai kama hamsini hadi mia. Chembe hizo haziishi muda mrefu: kwa kawaida hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kumi hivi. Ndizo zinazotambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya tano ya mchuzi wa nyama au ya samaki mkavu, ambayo mtaalamu Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908. (Picha ile ya vitabu vya shule inayoonyesha utamu kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma, kila ladha na mtaa wake, si ya kweli. Ladha zote hutambuliwa karibu kila mahali penye vituo hivyo.) Lakini chembe hizo hazifanyi kazi pasipo mate. Kauka ulimi wako kwa kitambaa safi, kisha weka punje za sukari juu yake: hutahisi kitu mpaka mate yarudi na kuziyeyusha. Halafu ziba pua yako na ule kipande cha nanasi. Utamu utabaki, lakini unanasi wenyewe utatoweka, kwa sababu sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka kooni hadi puani. Jaribuni mambo hayo mawili katika mkutano wenu. Yanafundisha zaidi ya hotuba.

Sasa tumtazame mgonjwa. Tiba ya mionzi ya kansere ya kinywa kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba. Mionzi huua chembe za kansere, nazo chembe za ladha zinazozaliwa upya haraka hupigwa pamoja nazo. Tezi za mate nazo huumia. Mara nyingi katika juma la pili au la tatu chakula huanza kubadilika: kwanza kinapooza, halafu kinakuwa kama karatasi, kama udongo, au kama sarafu iliyowekwa mdomoni. Dawa za kansere zinazotiwa katika mshipa, kama vile sisplatini, zaweza kuleta ladha hiyo ya chuma hata kama mgonjwa hajala kitu. Na aliyekatwa sehemu ya ulimi, akashonewa nyama iliyotolewa mkononi au pajani, amepata ulimi wa kumsaidia kusema na kumeza, lakini nyama hiyo mpya haijui sukari wala chumvi.

Tiba ikiisha, mambo hayo hayaishi siku hiyo hiyo. Kwa wengi ladha hurudi polepole katika miezi inayofuata, mara nyingi bila kukamilika. Kwa wengine hupita mwaka mzima au zaidi. Mate huchelewa kuliko ladha, na kuna wasioyapata tena kama zamani. Meno huoza upesi katika kinywa kikavu. Taya hukakamaa.

Fikirini basi maana yake hapa kwetu. Mgonjwa wa mashariki ya Kongo anayehitaji mionzi mara nyingi huvuka mpaka kwenda Kigali au Kampala. Wa Katanga huelekea Lusaka. Jamaa wameuza ng'ombe au shamba. Kaka amekatisha masomo. Siku mgonjwa anaporudi nyumbani, jamaa wote wanataka kuona furaha, na furaha kwetu huonekana mezani. Wanampikia bugali, sombe yenye mawese, kuku wa mwisho aliyebaki uani. Anakula vijiko viwili. Anasema: "Hiki chakula ni kichungu."

Hapo ndipo maneno hayo madogo yanapoweza kubomoa nyumba. Katika Kivu yetu, mtu akisema kwamba chakula alichopikiwa ni kichungu au kina ladha ya chuma, watu hawafikirii tezi za mate. Wanafikiria sumu. Neno karuho linaanza kunong'onwa, na macho yote yanamgeukia aliyepika, ambaye mara nyingi ni mke wa mtoto, au mke wa pili, au yatima anayelelewa pale. Msichana aliyeamka usiku kuchota maji na kusonga bugali anashtakiwa kwa jambo lililotendwa na mionzi. Ninawasihi, vijana wapendwa, mlielewe jambo hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa, kwa kuwa ninyi mwaweza kulieleza nyumbani kwa nguvu kuliko sisi wazee. Uchungu huo umo kinywani mwa mgonjwa, haumo chunguni. Maji safi ya kisima yatakuwa na ladha ile ile ya chuma kwake. Mtu akilijua hilo mapema, kabla mgonjwa hajarudi kutoka hospitali, msichana yule hatafukuzwa.

Hukumu nyingine ni ya upole zaidi, nayo twaisikia hata katika sala zetu: "Mshukuru Mungu kwamba u hai, mambo ya ladha ni madogo." Ninaikataa hukumu hiyo. Kweli, uhai ni mkubwa kuliko ladha. Lakini mtu anayekula bila kuhisi kitu, mara tatu kwa siku, mwezi baada ya mwezi, anafanya kazi ngumu kila anapoinua kijiko. Anakonda. Anaanza kuogopa saa ya chakula, kisha anaanza kula peke yake jikoni ili asiulizwe, kisha haendi tena kwenye arusi wala kwenye matanga, kwa maana huko nako kuna sahani na kuna macho. Tunapomwambia ashukuru tu, tunamfunga mdomo. Ayubu, katika mateso yake, aliuliza kama chakula kisicho na chumvi chaweza kulika. Maandiko Matakatifu hayakuona aibu kuliweka swali hilo kati ya malalamiko ya mtu mwenye haki.

Yuko mtu mmoja ambaye habari zake zilisikika mbali, nami napenda vijana wazijue. Grant Achatz ni mpishi wa Chicago, nchini Marekani. Mwaka 2005 alifungua huko mgahawa uitwao Alinea, ukasifiwa upesi sana. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 33, aliambiwa kwamba ana kansere ya ulimi, nayo imefika hatua ya nne. Shauri la kwanza alilopewa lilikuwa kukatwa sehemu kubwa ya ulimi. Baadaye madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago walimtibu kwa dawa na mionzi, na ulimi ukabaki. Lakini mpishi huyo akapoteza ladha kabisa. Hakuacha kazi. Aliwaza chakula kwa kumbukumbu, akachora sahani zake, na wasaidizi wake wakaonja kwa niaba yake. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Marekani. Ladha ilimrudia moja baada ya nyingine, utamu ukitangulia, naye amesimulia jinsi alivyojifunza upya namna ladha zinavyokutana.

Sitaki mtu achukue habari hiyo na kumpiga nayo mgonjwa wa kwetu, akisema: "Tazama, mwenzako alivumilia." Achatz alikuwa na madaktari mlangoni pake na jikoni lililojaa watu wa kumsaidia. Ninaitaja kwa sababu ya wale walioonja kwa niaba yake. Aliposema kwamba hahisi chumvi, hakuna aliyebisha. Walishika kijiko, wakaonja, wakamwambia yaliyomo, na kazi ikaendelea. Mama wa kwetu aliyepika miaka arobaini, na ambaye sasa hajui kama mchuzi umeiva chumvi, anaweza kubaki mwenye jiko lake iwapo binti yake atasimama karibu na kuonja, badala ya kumnyang'anya mwiko na kumwambia akapumzike.

Katika mji huo huo wa Chicago aliishi Roger Ebert, mwandishi wa habari za sinema, ambaye baada ya kansere na upasuaji wa taya mwaka 2006 hakuweza tena kula, kunywa wala kusema mpaka kufa kwake mwaka 2013. Yeye alilishwa kwa mrija. Mwaka 2010 aliandika kwamba alichokikosa zaidi si chakula chenyewe, ila mazungumzo na vicheko vya watu waliokaa mezani. Maneno hayo yananifanya niulize kwa nini sisi, tukisha kujua kwamba mgonjwa hali, tunaacha kumwalika.

Maandiko yanatupa mfano mzuri kuliko hiyo, na sijui kwa nini hauhubiriwi mara nyingi. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mfalme Daudi anamkimbia mwanawe Absalomu na kufika Mahanaimu akiwa amechoka pamoja na watu wake. Mzee Barzilai wa Gileadi, pamoja na wengine, anawaletea vitanda, ngano, shayiri, maharage, dengu, asali, siagi na kondoo. Vita vikisha, Daudi anataka kumlipa: anamwalika aje kuishi Yerusalemu na kula katika meza ya mfalme. Barzilai, mwenye miaka 80, anajibu bila kuficha kwamba hawezi tena kuhisi ladha ya anachokula na anachokunywa, na kwamba angekuwa mzigo tu kwa mfalme. Anaomba arudi kwao, na kijana Kimhamu aende mahali pake.

Angalieni alivyofanya Daudi. Yeye ni mfalme, angeweza kulazimisha. Angeweza kuona kwamba mwaliko wake umedharauliwa. Hakubishana juu ya ulimi wa mzee. Alikubali neno lake, akampokea Kimhamu, akambusu mzee na kumbariki, wakaachana kwa amani. Mtu aliyewalisha watu wa mfalme amepoteza ladha ya chakula, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Ningependa kila kikundi cha Kiro na cha Xaveri kisome sura ya 17 na ya 19 za kitabu hicho kabla ya kubeba sufuria kwenda kwa mgonjwa.

Najua pingamizi litakaloletwa, nalo ni zito. Katika nyumba inayokula mara moja kwa siku, au katika kambi ya waliokimbia vita, nani atampikia mgonjwa mmoja chakula chake? Sitajibu kwa maneno matamu. Ziko nyumba ambamo haiwezekani, na hapo shirika zima linapaswa kuubeba mzigo, kwa maana jamaa peke yao hawauwezi. Lakini mengi ya kumsaidia mgonjwa huyu hayaongezi gharama. Kuondoa pili-pili katika sehemu yake kabla ya kuitia chunguni hakugharimu kitu. Kijiko cha mti au cha plastiki badala ya cha chuma hupunguza ile ladha ya chuma. Chakula kilichopoa kidogo mara nyingi humwia rahisi kuliko cha moto. Bugali mkavu humkwama kooni. Uji mzito uliochanganywa na karanga zilizosagwa hupita. Avoka, ambayo katika vilima vyetu huoza chini ya miti wakati wa msimu, ni laini na ina nguvu nyingi. Nyama nyekundu ikimwia kama chuma, yai au maharage yaliyopondwa yaweza kuchukua nafasi yake. Sambaza zilizokaushwa zisagwe unga na kutiwa katika uji, maana miiba hukwaruza kinywa chenye vidonda. Limau humsaidia yule asiye na vidonda, na humchoma aliye navyo. Kwa hiyo aulizwe. Kabla ya kula, asukutue kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja yenye kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikarbonati, naye asiyameze. Chupa ya maji iwe karibu naye mchana na usiku. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Na akiendelea kukonda, au akipaliwa kila anapomeza, arudi kwa daktari bila kungoja. Hapo mapishi yetu hayatoshi.

Liko pia jambo la Ekaristia, ambalo wagonjwa wengi hulinyamazia kwa aibu. Mtu asiye na mate hawezi kumeza hostia kwa urahisi. Inagandama juu ya kinywa chake, naye anaogopa kuitema, basi anaacha kukomunika. Jamaa wanadhani ameasi. Kumbe Kanisa limemfikiria zamani. Hostia yaweza kumegwa, akapewa chembe ndogo tu, na maji ya kumezea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 925, inaruhusu Komunyo itolewe kwa umbo la divai peke yake panapokuwa na lazima. Ila divai yaweza kuchoma vidonda, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye aseme. Na kanuni ya 919 inaeleza kwamba maji na dawa havivunji mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo, na kwamba wazee, wagonjwa na wale wanaowatunza wanaweza kukomunika hata kama wamekula kitu katika saa hiyo. Mgonjwa anayepaswa kunywa maji kila dakika chache asikae basi nyuma ya kanisa akijidhani hastahili. Mwelezeni padri au mhudumu wa Komunyo mapema, kwa siri, ili asishangazwe mbele ya watu.

Neno fupi kwa ajili yenu wenyewe. Tumbako na pombe kali ndizo sababu kubwa za kansere ya kinywa, na vikiungana hatari huongezeka kupita kuvijumlisha tu. Anayewapa vijana kanyanga na sigara kwenye matanga hawafanyii karamu. Kidonda cha mdomoni kisichopona baada ya majuma mawili au matatu, doa jeupe au jekundu lisiloondoka, uvimbe shingoni: hayo yaonwe na daktari, hata kama hayaumi. Kansere iliyoonwa mapema mara nyingi huhitaji tiba ndogo zaidi, na tiba ndogo huacha ladha nyingi zaidi. Lakini asiyevuta wala kunywa naye huipata, kwa hiyo msianze ziara kwa kumwuliza mgonjwa alivuta sigara ngapi.

Kabla ya ziara ijayo, mmoja wenu aende peke yake siku mbili mapema, bila sufuria. Amwulize mgonjwa, wala asimwulize mlinzi wake tu: ni kitu gani kinapita leo, ni kitu gani kinachoma, na ladha gani imebaki. Ayaandike majibu, kwa sababu juma lijalo yatakuwa mengine. Siku ya ziara yenyewe, mpikieni hilo alilolitaja, hata kama ni uji mtupu, kisha kaeni naye mle pamoja mkizungumza habari za mpira, za masomo na za mvua. Akiacha sahani nusu, mwondoe sahani bila neno. Na siku atakapowaambia kwamba asubuhi hii chai ilikuwa na utamu kidogo, msikimbilie kumwongezea sukari. Mwulizeni ilikuwaje, mkae mumsikilize.